Samaki wa mtoto amekua, beseni halimtoshi

Jumapili moja asubuhi, kabla hata chai haijachemka, kijana wangu wa miaka tisa alikuja akasimama kwenye mlango wa chumba chetu bila kusema neno. Wazazi wenzangu mnajua kwamba mtoto akisimama mlangoni namna hiyo, pana jambo. Nikamuuliza kulikoni.

"Baba," akasema, "Mheshimiwa anakunywa hewa."

Mheshimiwa si mtu, msomaji mpenzi. Ni samaki wa dhahabu. Jina hilo alipewa na mama watoto, ambaye alidai kwamba kiumbe mwenye kitambi kama kile, na ambaye mdomo wake haufungi mchana kutwa, hawezi kuitwa jina lingine katika nchi hii. Tulipomnunua alikuwa na urefu wa sentimita nne, si mrefu kuliko kidole gumba changu. Sasa, miaka miwili baadaye, alikuwa amefika sentimita 14 na alikuwa akiishi katika lile beseni la buluu ambalo zamani tulikuwa tukilitumia kuloweka nguo. Akitaka kugeuka ilimbidi ajikunje mithili ya basi linalotafuta njia katikati ya soko la Gikomba.

Nilikwenda nikatazama. Kweli, alikuwa amesimama wima karibu, midomo imegusa uso wa maji, akimeza hewa kama mtu aliyetoka kukimbia.

Kabla sijaendelea, yafaa nikiri jambo ambalo kwa miaka miwili nilikuwa nimelificha hata nyumbani kwangu. Mheshimiwa hakuja peke yake. Walikuja wawili, siku ya kufunga shule mwezi Desemba, wakiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa raba, zawadi ya kijana kwa kufanya vyema katika mtihani. Mwenzake aliitwa Katibu. Tuliwatia katika bakuli la kioo la lita nne, lile la duara ambalo huuzwa pamoja na samaki, tukaliweka juu ya kabati la vyombo. Wiki ya tatu maji yakawa na ukungu na harufu. Mimi nami, baba mwenye bidii, nikalimwaga lote, nikalisugua bakuli hadi likang'aa, nikalijaza maji ya mfereji yaliyokuwa yamerudi asubuhi hiyo baada ya siku nne za ukavu, nikawarudisha samaki ndani. Ilipofika saa kumi jioni Katibu alikuwa anaelea kwa ubavu. Mheshimiwa alilala chini siku nzima, lakini usiku akaponea chupuchupu.

Mtoto alipouliza kwa nini Katibu amekufa, nilimwambia alikuwa mzee.

Ulikuwa uongo, na nilijua ni uongo nilipokuwa nikiusema. Kilichonishangaza ni kwamba mtoto aliuamini na kuuhifadhi. Asubuhi hiyo ya beseni aliniuliza swali ambalo halikunitoka akilini wiki nzima: "Na Mheshimiwa naye amezeeka?"

La hasha. Samaki wa dhahabu wa miaka miwili ni mtoto. Akitunzwa ipasavyo huishi miaka kumi hadi 20, na wapo waliozidi. Huko Uingereza aliwahi kuwapo mmoja aliyeitwa Tish, aliyeshindwa kama zawadi katika maonyesho ya mwaka wa 1956 na kufa mwaka wa 1999 akiwa na umri wa miaka 43. Hebu fikiria: mtoto aliyempata Tish angeweza kuwa na wajukuu kabla ya samaki huyo kumwaga dunia.

Na hapa ndipo tunapokutana na ule uvumi ambao karibu kila mwenye duka la samaki atakuambia, kwamba eti samaki hukua kulingana na chombo chake: bakuli dogo, samaki mdogo. Mimi mwenyewe niliuamini. Uvumi huu una chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana haufi. Samaki aliyebanwa katika maji machache na machafu hukua polepole, na wengine hudumaa kabisa. Lakini kudumaa si kutoshea. Mtoto asiyepewa chakula naye hudumaa, wala hatusemi kwamba amekua kulingana na sufuria. Samaki wa dhahabu wa kawaida, yule mwenye mkia mmoja, kwa asili yake anafikia sentimita 20, na wengine 30. Ni jamii moja na wale samaki ambao Wachina walianza kuwafuga na kuwachagua kwa rangi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nao hawakuwafugia bakulini. Waliwafugia madimbwini.

Basi tukakaa kikao cha familia. Jirani yetu, mtu mwema asiyekosa ushauri, alikuwa amekwisha kutoa wake: tumpeleke mtoni, akajitegemee. Nawaomba wasomaji msifanye hivyo hata siku moja. Samaki aliyefugwa akifa mtoni ni hasara yake peke yake, lakini akipona na kuzaana yaweza kuwa hasara ya kila mtu. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa somo hili na wageni, maana tunajua yaliyotukia Ziwa Viktoria baada ya mbuta kutiwa humo katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amesambaa ziwa zima, na aina nyingi sana za wale samaki wadogo waitwao fulu zilikuwa zimetoweka au ziko mbioni kutoweka.

Njia ya pili ilikuwa kununua tangi la vioo dukani. Nilikwenda kuuliza bei, nikamshukuru mwenye duka, nikatoka. Kwa tangi la ukubwa niliotaka, pamoja na meza yake na mashine zake, ningelipa zaidi ya kodi ya nyumba yetu ya mwezi mzima. Ikabaki njia ya tatu, ambayo mama watoto aliikubali kwa sharti moja tu: kwamba likivuja, halitavujia zulia lake.

Lakini kabla ya kukata kioo chochote nilitaka kujua ni nini hasa kilichomuua Katibu. Usipojua hilo, waweza kujenga tangi zuri kama la hoteli na samaki afe humo humo.

Kisa chenyewe ni hiki. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia, sehemu kubwa kupitia mashavuni anapopumua, na nyingine katika kinyesi na chakula kinachooza. Katika ziwa sumu hii husambaa na kupotea. Katika bakuli la lita nne haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki ni vijidudu, yaani bakteria wazuri, ambao hukaa juu ya mawe, mchanga na sponji. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huila hiyo naitraiti na kuigeuza kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa haijazidi, na ambayo mimea huipenda kama mbolea. Vijidudu hawa hawaji kwa siku moja. Huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka hadi watoshe kazi.

Sasa tazama nilichofanya mimi. Kwa kusugua bakuli nilifagia vijidudu wachache waliokuwa wameanza kuishi humo. Kwa kujaza maji mapya yote kwa mara moja niliwabadilishia samaki dunia yao nzima kwa dakika moja. Na kubwa kuliko yote, maji ya mfereji hutiwa klorini ili sisi tusipatwe na kipindupindu. Dawa ile ile inayoua viini vya maradhi huchoma mashavu ya samaki na kuua bakteria wake. Katibu hakuwa mzee. Nilimtia katika dawa.

Kwa nini basi Mheshimiwa aliishi miaka miwili baadaye katika nyumba ile ile, na bwana yule yule? Nilifikiri sana, kisha nikacheka peke yangu. Ni mgao wa maji uliomwokoa! Kwa kuwa mfereji wetu haukuaminika, baada ya siku ile tulikuwa tukichota maji yake kutoka kwenye pipa la akiba pale kando ya jikoni, ambayo yalikuwa yamekaa siku mbili, tatu. Klorini ya kawaida hupotea hewani maji yakikaa katika chombo kilicho wazi kwa saa 24 au zaidi, hasa ukiyakoroga mara kwa mara. Mahali ambapo maji hutiwa klorini iliyochanganywa na amonia, kukaa tu hakutoshi, na ni lazima ununue matone ya kuondoa dawa hiyo, ambayo maduka ya samaki huuza. Kwa vyovyote, matone hayo si ghali, na mwenye haraka atayahitaji.

Haya, tuje kwenye ujenzi.

Niliamua tangi liwe na urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 40. Wengi hupenda tangi jembamba na refu kwenda juu kwa sababu linapendeza sebuleni, lakini samaki hapumui kimo. Anapumua hewa inayoingia majini kupitia uso wa maji, na kadiri uso ulivyo mpana ndivyo hewa inavyoingia kwa wingi. Jambo hili lina uzito zaidi kwetu sisi wa Nairobi, maana mji huu umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Kinachotusaidia ni baridi: maji baridi hushika hewa zaidi, na samaki wa dhahabu ni samaki wa maji ya baridi. Hahitaji mashine ya kupasha joto, hata Julai. Wasomaji wa Pwani wao wana kazi ya ziada, maana maji ya vuguvugu hushika hewa kidogo, na ni lazima watie pampu ya hewa wasikose.

Tangi la vipimo hivyo, likiachwa sentimita chache juu, hubeba lita 140 hivi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza uzito wa vioo vyenyewe, karibu kilo 37, na changarawe za chini, na utapata kilo 190. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 yaliyowekwa juu ya meza sebuleni. Kwa hiyo si meza ya kahawa, wala si kabati la televisheni. Nilimwendea fundi mmoja wa jua kali anayechomelea mageti, akanitengenezea fremu ya vyuma vya pembe yenye miguu sita. Alinitazama nilipomwambia ni ya samaki. "Mkubwa," akaniuliza, "huyo samaki ni kiboko?"

Kuhusu kioo, usidanganyike ukatumia vioo vya dirisha vya milimita tatu. Nilitumia milimita kumi. Vipande ni vitano: kimoja cha chini, 90 kwa 45; viwili vya mbele na nyuma, 90 kwa 40; na viwili vya ubavuni. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nataka likusaidie. Nilimwandikia mkata vioo kwamba vya ubavuni viwe 45 kwa 40. Akavikata kama nilivyoandika. Nilipofika nyumbani na kuvisimamisha, vikazidi. Sababu ni kwamba vipande vya ubavuni hukaa katikati ya kile cha mbele na kile cha nyuma, na kila kimoja kati ya hivyo kina unene wa sentimita moja. Kwa hiyo ni 45 kutoa mbili, na utoe milimita mbili nyingine za nafasi ya gundi. Bahati yangu kilikuwa kimezidi, si kimepungua. Nilivirudisha, vikapunguzwa. Mwambie pia fundi akupigie msasa kingo zote, maana kioo kipya hukata kama wembe, na watoto watataka kusaidia.

Omba pia vipande vyembamba vya upana wa sentimita tano: viwili vya kupita kwa urefu juu, mbele na nyuma, na kimoja cha kuunganisha katikati. Hivi ndivyo huzuia kioo cha mbele kisitunishwe kifua na maji.

Gundi ni silikoni. Lakini si kila silikoni. Ile ya bafuni mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo huua samaki. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni silikoni tupu na inafaa kwa tangi la samaki. Ukiifungua utasikia harufu kali kama ya siki. Harufu hiyo huisha inapokauka. Futa kingo zote kwa spiriti, usiziguse tena kwa vidole, kisha weka kioo cha chini mahali pa tambarare na uanze kusimamisha kile cha nyuma, cha ubavuni, cha ubavuni kingine, na mwisho cha mbele. Vishikilie kwa tepu. Hii ni kazi ya watu wawili. Sisi tulikuwa watatu, mmoja wao akiwa na miaka tisa na kazi yake ilikuwa kukata tepu na kutuambia tumekosea wapi.

Vikishashikana, unapitisha mstari wa gundi ndani ya kila kona na kuulainisha kwa kidole kilicholowa. Na hapo likanipata kosa la pili. Gundi iliniishia nikiwa kwenye kona ya mwisho, siku ya Jumapili jioni, maduka yamefungwa. Nikasema si neno, nitamalizia kesho. Nikamalizia kesho. Tukaliacha tangi wiki nzima likauke, kisha tukalitoa uani, tukalikalisha juu ya ubao, na chini yake tukatandika magazeti makavu ili tone lolote lijionyeshe. (Yalikuwa magazeti ya zamani. Hili la leo lilikuwa bado halijasomwa.) Tukaanza kujaza maji.

Yalipofika nusu, mtoto akapiga kelele. Pembe ya gazeti ilikuwa imelowa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba silikoni mpya haishikani vizuri na silikoni iliyokwisha kukauka. Pale nilipounganisha ya jana na ya leo palibaki njia ya maji, nyembamba kama uzi. Hakuna kubandika kiraka. Ilinibidi nimwage maji yote, niuchune mstari wote wa ndani kwa wembe, kona zote, nifute tena kwa spiriti na nirudie kazi kwa mkupuo mmoja. Wiki nyingine ikapita. Wewe nunua mirija miwili ya gundi kabla hujaanza, hata kama mmoja utabaki. Mara ya pili tulilijaza hadi juu, tukaliacha siku tatu uani, na gazeti likabaki kavu kama mkate wa juzi.

Fremu tuliiweka pembeni, karibu na ukuta, mbali na dirisha. Jua likipiga tangi, maji huwa kijani kwa ukungu wa mimea na joto hupanda. Tukaipima kwa pimamaji, tukaweka plaiwudi juu yake, na juu ya plaiwudi lile povu gumu jeupe linalofungia televisheni mpya kwenye sanduku, ambalo humeza vijiwe na mabonde madogo yanayoweza kupasua kioo. Nyaya za stima nazo zina adabu yake: waya wa pampu uache uning'inie chini kwanza ndipo upande kwenye soketi, ili maji yakiteremka kwenye waya yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Na kabla hujatia mkono majini, chomoa kila kitu.

Kichujio tulikitengeneza kwa ndoo ya plastiki ya chakula, ya lita kumi, tuliyoitoboa upande mmoja karibu na juu na kutia bomba. Pampu ndogo iliyo ndani ya tangi hupandisha maji hadi chini ya ndoo. Maji hupanda yenyewe kupitia sponji, kisha kupitia mawe ya volkeno yenye vitundu vingi, yale mekundu mepesi, halafu hurudi tangini kwa bomba yakirusha mapovu. Mawe hayo tuliyaosha mara saba. Kila kitundu ni nyumba ya vijidudu. Sponji ikichafuka unaikamulia katika maji uliyotoa tangini, kamwe si chini ya mfereji, la sivyo klorini itaua wafanyakazi wako wote kwa mara moja.

Ikabaki kungoja, na hii ndiyo sehemu iliyomshinda kila mtu nyumbani. Tangi limejaa maji safi, samaki amebanwa beseni, na baba anasema bado. Tulihamisha konzi kadhaa za changarawe kutoka beseni ili zipeleke mbegu ya vijidudu. Kila siku mtoto alitia chembe chache za chakula tangini zioze, ili vijidudu wapate kula. Mheshimiwa naye alibadilishiwa theluthi ya maji ya beseni kila siku kwa maji ya pipa. Nilinunua kile kisanduku cha matone ya kupimia maji: unatia matone katika maji kidogo, rangi ikiwa kijani amonia ipo, ikiwa manjano haipo. Kazi ya kupima nilimpa kijana, na daftari la hesabu la mwaka jana lililobaki kurasa.

Wiki ya kwanza, kijani hafifu. Ya pili, kijani kabisa. Ya tatu amonia ikaanza kushuka na ile naitraiti ikapanda. Aliandika yote kwa penseli, na tarehe. Alitaka kujua kila neno lina maana gani, nami nikamweleza, nikiwa nimefurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. Nikamweleza amonia. Nikamweleza vijidudu. Nikamweleza klorini, na kwa nini maji yetu lazima yakae ndooni kwanza.

Akaandika: maji, siku mbili ndooni. Kisha penseli ikasimama.

"Baba, yale maji ya Katibu yalikaa ndooni siku ngapi?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Mama yake alikuwa anapiga pasi nyuma yetu, na nilisikia pasi nayo imesimama. Nikamwambia hayakukaa hata saa moja. Niliyachota mfereji nikayatia.

"Kwa hivyo hakuwa mzee."

"Hakuwa mzee. Nilikosea, halafu nikaogopa kukuambia."

Hakulia wala hakununa. Aliniuliza kama Katibu aliumia, nikamwambia nadhani ndiyo, kwa muda mfupi. Akafunga daftari akaenda kulala bila kuniaga. Siku mbili hakuzungumza nami ila kwa ndiyo na la. Siku ya tatu alirudi na daftari, akalifungua mwanzo kabisa, kwenye ukurasa uliokuwa mtupu, akaniambia niandike mimi, kwa mkono wangu, siku ile ya Desemba tulipowanunua, siku Katibu alipokufa na kwa nini. Niliandika. Aliisoma, akasahihisha tahajia ya neno moja, akasema sawa.

Wiki ya sita, amonia manjano, naitraiti hakuna. Tulimhamisha Mheshimiwa jioni, katika ndoo ya maji yake mwenyewe, tukimwongezea maji ya tangi kikombe kwa kikombe kwa muda wa nusu saa ili asishtuke. Alipoachiliwa alishuka hadi chini akakaa kimya. Kisha akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa kioo, akageuka bila kujikunja, akarudi. Alifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba tulisahau chakula cha jioni.

Utunzaji sasa ni mwepesi kuliko wa bakuli, jambo ambalo watu hawaliamini. Kila Jumamosi tunatoa robo ya maji na kurudisha mengine yaliyokaa. Yale ya kutoa hatuyamwagi. Tunamwagilia sukuma wiki ya kwenye magunia, na mama watoto anaapa kwamba majani yameongezeka upana. Chakula ni kile anachomaliza kwa dakika mbili, mara mbili kwa siku, na mkate hapana. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuwekea chakula kama letu, ana utumbo tu, na akivimbiwa huelea vibaya. Mara moja kwa wiki hupewa punje mbili, tatu za minji zilizochemshwa na kumenywa. Juu ya tangi tumefunika wavu, kwa kuwa wapo wanaoruka.

Tatizo lililobaki ni stima. Ikipotea, pampu husimama, na baada ya saa chache hewa ya majini hupungua na vijidudu kwenye ndoo huanza kuteseka. Dawa yake ni jagi: unachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu, yarushe mapovu, kwa dakika tano hivi, kisha unapumzika na kurudia.

Wiki iliyopita ilipotea saa nane za usiku. Nilikuwa nimelala fofofo nilipohisi mkono begani. Kijana alikuwa amesimama kando ya kitanda, mshumaa mkono mmoja na jagi mkono wa pili. Safari hii hakungoja mlangoni.

"Baba, amka," akasema. "Zamu yako ndiyo ya kwanza."